SHIMO, UFA, KORONGO: TUITAMBUE ARDHI KWA MAJINA YAKE

Mvua kubwa inapokwisha, kamati ya mazingira ya kijiji hutakiwa kuandika taarifa ya uharibifu uliotokea. Mara nyingi taarifa hiyo huwa na neno moja tu: mashimo. Mashimo barabarani, mashimo mashambani, mashimo nyuma ya shule. Afisa anayeisoma akiwa ofisini wilayani hawezi kujua kama anatakiwa kupeleka lori la kifusi, miche ya miti au fundi wa visima. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutaja ardhi iliyotoboka, iliyopasuka au iliyobonyea. Tatizo ni kwamba tumezoea kutumia neno moja, na mengine tumeyaacha yalale katika kamusi na vinywani mwa wazee.

Katika makala hii tutaangalia baadhi ya maneno hayo, hasa yale ambayo tukiyachanganya tunapata hasara ya mali, na wakati mwingine ya maisha.

Shimo, tundu na tobo

Shimo ni uwazi ulioingia chini ardhini, uwe umechimbwa na mtu au umejitokeza wenyewe. Lina mdomo na lina kina, lakini halina njia ya kutokea upande wa pili. Likiwa na njia ya kutokea upande wa pili huitwa tobo, yaani mahali palipotobolewa. Tundu kwa kawaida ni dogo zaidi, na mara nyingi lina mwenyewe: tundu la panya, tundu la nyoka, tundu la kaa pale pwani. Wazee wa zamani walikuwa pia na neno rima, ambalo ni shimo lililochimbwa na kufunikwa kwa matawi ili kutega wanyama wakubwa. Siku hizi rima halisikiki sana, kwa kuwa uwindaji wa namna hiyo umepigwa marufuku.

Mtu anaweza kuuliza, tofauti hii ina faida gani? Tuangalie vyoo vya shule. Nchini Tanzania mahitaji ya vyoo vya shule huhesabiwa kwa matundu: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tundu ni pale mtoto anapochuchumaa. Shimo ni lile lililo chini, na shimo moja linaweza kuhudumia matundu sita au zaidi. Kwa hiyo shule inayosema ina matundu 12 inaweza kuwa na mashimo mawili tu, na yote mawili yakawa yamejaa. Kamati ya shule inapoomba msaada wa "mashimo mawili ya choo" ikiwa na maana ya vyumba viwili, fundi atafuata alichoandikiwa, na fedha itaishia kwenye uchimbaji kabla hata ya kujenga ukuta. Tumeona ni vema kila ombi litaje vyote viwili: idadi ya matundu, na idadi na kina cha mashimo.

Shimo la choo lina jirani yake ambaye hatakiwi kukaribiana naye, naye ni kisima. Kipimo kinachotumika sana ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Pia sehemu ya chini kabisa ya shimo la choo isifike kwenye maji yaliyo ardhini. Iachwe juu yake kwa mita moja na nusu au zaidi, na kipimo hiki kichukuliwe wakati wa masika ambapo maji yamepanda. Mahali penye udongo wa changarawe au miamba yenye nyufa, hata hizo mita 30 zinaweza zisitoshe, kwa sababu maji machafu hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na udongo.

Majina ya visima

Kisima ni shimo lililochimbwa kufuata maji ya chini. Lambo nalo limechimbwa, lakini linangoja maji ya juu, yaani ya mvua, kwa ajili ya mifugo. Birika ni la kutunzia maji yaliyoletwa. Dimbwi halikuchimbwa na mtu. Ni maji yaliyotuama mahali palipobonyea. Haya ni maneno manne ambayo mfugaji yeyote wa nyanda kame huyatofautisha bila kufikiri, lakini kwenye mipango ya maendeleo yote huandikwa "chanzo cha maji". Lambo likikauka mwezi wa Septemba si ajabu, kwa maana ndivyo yalivyo malambo mengi. Kisima kikikauka mwezi huo huo ni habari nyingine, na kinahitaji mtu wa kukichunguza.

Wasomaji wa Biblia wanaifahamu habari ya Isaka katika Mwanzo 26. Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu baba yake. Isaka alivichimba upya na kuvipa majina yale yale aliyovipa baba yake. Vipya alivyochimba akavipa majina kutokana na yaliyotokea: Eseki na Sitna kwa sababu ya ugomvi wa wachungaji, na Rehobothi pale walipoachiwa nafasi. Kisima chenye jina kilikuwa kumbukumbu ya nani alikichimba na nani ana haki ya kukinywea. Kwetu pia majina ya namna hii yapo tele, na yanafaa kuulizwa kabla ya kuchimba. Kijiji cha Shimoni katika pwani ya kusini ya Kenya kimepata jina kutokana na mapango yake ya mawe ya matumbawe. Mjini Iringa kuna kata ya Makorongoni. Newala, mkoani Mtwara, kuna mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo kwa kweli si shimo bali ni ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ardhi inaposhuka ghafla na macho yakabaki yanaangalia mbali chini. Mtu mgeni akisikia jina la kitongoji ni Korongoni au Dimbwini, asikimbilie kununua kiwanja wakati wa kiangazi.

Ufa

Ufa, kwa wingi nyufa, ni mpasuko mwembamba. Kitu kimoja kimeachana, na pande zake mbili bado zinatazamana. Sote tunaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya ukuta, na kwa ukuta ni kweli. Kwa ardhi, inategemea.

Katika mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, nyufa hufunguka kila kiangazi, nyingine zikiwa na kina cha kufika magotini au zaidi. Udongo huu hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Ndiyo sababu hupasuka. Nyufa hizo si ugonjwa. Mvua za kwanza huingia kupitia humo na kulowesha udongo wa chini, halafu udongo ukivimba nyufa hujifunga zenyewe. Mkulima hana haja ya kuziba. Lakini anayejenga nyumba au kanisa juu ya udongo huo ajue kuwa msingi wake utanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na nyufa za ardhi zitahamia ukutani. Ama achimbe msingi mpaka afikie udongo mgumu, ama ajenge mahali pengine. Kuweka plasta juu ya ufa wa aina hiyo ni kupoteza saruji.

Ufa mkubwa kuliko wote tulio nao ni ule uliopata jina la Bonde la Ufa. Mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, aliyefika Kenya mwaka 1893, ndiye aliyelitangaza jina lake la Kiingereza katika kitabu alichokitoa mwaka 1896. Waliolitafsiri kwa Kiswahili walifanya kazi nzuri, kwani maneno mawili yale yanaeleza jambo lote: ni bonde, lakini si bonde lililochongwa na mto, limetokana na ardhi kuachana. Mwachano huo bado unaendelea, kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka.

Mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu na Suswa nchini Kenya, ikaikata barabara ya kwenda Narok na kuwahamisha watu katika nyumba zao. Picha zilizunguka dunia nzima zikisindikizwa na maneno kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia kadhaa walipofika na kuangalia walitoa maelezo tofauti. Eneo lile limefunikwa na majivu ya volkano ya zamani, ambayo ni laini sana. Maji ya mvua yalikuwa yakiyaondoa majivu hayo chini kwa chini, hadi dari la juu likaporomoka. Kwa maelezo hayo, kilichoonekana kwenye picha kilikuwa zaidi korongo kuliko ufa, ingawa inawezekana kabisa maji yalifuata njia ya ufa wa kale ulioko chini. Ubishi wote ulikuwa juu ya maneno haya mawili, na haukuwa ubishi wa wataalamu peke yao. Mwenye shamba aliyeambiwa ni ufa wa dunia hana la kufanya ila kuhama na kuomba. Aliyeambiwa ni korongo anaweza kuuliza maji yanatoka wapi.

Korongo

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu korongo ndilo linalokula mashamba ya wasomaji wetu wengi.

Korongo ni njia yenye kuta zilizosimama, iliyochimbwa na maji yanayopita kwa kasi. (Neno hilo hilo ni jina la ndege mwenye miguu mirefu, lakini huyo hana hatia.) Korongo linaweza kuwa la kale na la faida. Olduvai, au Oldupai kama Wamaasai wanavyouita mkonge pori unaoota pale, ni korongo lenye kina kinachokaribia mita 90 mahali pengine. Maji yaliyokata tabaka za udongo pale ndiyo yaliyofunua mifupa na zana za mawe za binadamu wa kale, ikiwa ni pamoja na fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Lakini makorongo ya mashambani hayafunui kitu cha kuweka makumbusho. Yanaondoa udongo wa juu, wenye rutuba, na kuupeleka mtoni.

Korongo halianzi likiwa korongo. Huanza kama mchirizi mwembamba ambao jembe linaweza kuufuta kwa siku moja. Chanzo chake kwa kawaida ni njia: njia ya ng'ombe kwenda mtoni, njia ya mkato ya wanafunzi, au kalvati ya barabara inayomwaga maji yote katika shamba la mtu mmoja. Mchirizi usipofutwa unakuwa mfereji, na mfereji ukishazidi uwezo wa jembe, hapo ndipo unapoitwa korongo. Tangu hapo hurefuka kwa kurudi nyuma, kuelekea juu ya mteremko. Maji yanayoanguka kwenye kichwa cha korongo hula udongo wa chini, ule wa juu unabaki ukining'inia, kisha unaanguka. Ndiyo maana watu husema korongo linapanda mlima. Kuta za pembeni nazo hulegea na kuporomoka, na upana unaongezeka.

Kosa la kawaida ni kulitendea korongo kana kwamba ni shimo, yaani kulifukia. Watu hukusanyika kwa kazi ya kujitolea, wanajaza udongo, matawi na hata takataka, na mvua ya kwanza inaondoa yote kwa kuwa maji bado yanapita njia ile ile. Shimo linataka kujazwa. Korongo linataka kunyang'anywa maji.

Kwa hiyo kazi huanzia juu, mahali ambapo wengi hawapaangalii. Kwanza maji yazuiwe kuingia kwenye kichwa cha korongo, kwa kuchimba mtaro wa kuyakinga na kuyapeleka polepole mahali penye majani. Pili mifugo izuiwe kupita. Baada ya hapo ndipo vijengwe vizuizi vya mawe au vigingi na matawi ndani ya korongo, vikianzia juu kuelekea chini. Kizuizi kifupi kingi ni bora kuliko kimoja kirefu. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati. Fundi akifanya kinyume chake, maji yatazunguka pembeni na kula ukuta, na korongo litakuwa pana kuliko mwanzo. Chini ya kila kizuizi yawekwe mawe ya kupokea maji yanayoanguka. Udongo utakaonaswa nyuma ya vizuizi upandwe majani ya tembo, mkonge au miti inayoshika ardhi upesi. Ni kazi ya miaka, si ya msimu mmoja.

Mfano wa jambo hili ni Kondoa, katika mkoa wa Dodoma. Mmomonyoko ulikuwa umeharibu sehemu kubwa ya milima ya Irangi, na makorongo yake yalijulikana nchi nzima. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mitaro ilichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo ilipoendelea kuchunga mlimani, kazi ilirudi nyuma. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ardhi ilipona: majani na miti ilirudi, na makorongo mengi yakatulia. Hata hivyo tusisahau waliolipa gharama. Familia zilipoteza maziwa na samadi yao kwa amri, na wengine walilazimika kupeleka ng'ombe mbali kwa ndugu. Baadaye, kuelekea mwaka 1990, ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa zizini waliruhusiwa. Kwa maoni yetu, kama zizi lingekuja pamoja na amri, machungu yangepungua.

Mashimo yanayotunza ardhi

Si kila anayechimba anaharibu. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hulima kwenye miteremko mikali kwa kilimo cha ngoro. Majani hukatwa na kulazwa ardhini katika mistari inayokatana, kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani hayo. Yanabaki mashimo mengi yaliyopangwa mlima mzima, na mahindi au maharage hupandwa kwenye matuta yanayoyazunguka. Maji ya mvua huingia shimoni na kuzama badala ya kukimbia, na majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Ni utaalamu wa wenyeji, na una umri wa zaidi ya miaka 100.

Vivyo hivyo kuna makinga maji ya fanya juu, yanayofahamika sana Machakos nchini Kenya. Mkulima huchimba mtaro kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu, na baada ya miaka kadhaa shamba linakuwa ngazi. Wataalamu wa nchi nyingine nao wameliandika hivyo hivyo kwa Kiswahili, fanya juu, katika vitabu vyao. Udongo ukitupwa upande wa chini huitwa fanya chini. Kazi yake ni nyepesi zaidi, lakini ngazi huchelewa kutokea.

Mashimo yaliyoachwa wazi

Tumalizie na mashimo ambayo kazi yake imekwisha na hakuna aliyeyafunika. Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, inasema kwamba mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia, mchimbaji atalipa. Haikuuliza kama alikusudia.

Vijijini kwetu mashimo ya kufyatulia matofali ndiyo mengi zaidi. Mbu wanaoeneza malaria hupenda maji ya namna hiyo hasa, madogo, yasiyotembea, yenye kupigwa na jua, na katika joto yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 10 hivi. Shimo la matofali lifukiwe, au litobolewe mtaro maji yatoke. Machimbo ya kokoto na maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu yaliyotelekezwa yawekewe uzio wa miiba wakati kijiji kikisubiri namna ya kuyafukia, kwa kuwa watoto huchunga mbuzi pale pale.

Hatari isiyoonekana ni hewa. Ndani ya kisima kirefu, shimo la choo au duara, hewa nzito isiyofaa kupumua hukusanyika chini, na mtu hupoteza fahamu kabla ya kupiga kelele. Mara nyingi anayekufa si mmoja. Wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Mshumaa au taa ikishushwa kwa kamba na kuzimika, asishuke mtu yeyote. Lakini taa ikiendelea kuwaka isichukuliwe kuwa uthibitisho, hasa kama pampu ya petroli au dizeli imefanya kazi ndani ya shimo, kwa sababu moshi wake una sumu ambayo taa haiwezi kuionyesha. Injini ya pampu ikae nje daima, mbali na mdomo wa kisima. Anayeshuka afungwe kamba kifuani kabla ya kushuka, na juu wabaki watu wenye nguvu za kumvuta, wasiopungua wawili, wakiongea naye muda wote. Akiacha kujibu avutwe mara moja.